Kidoti cha Mama Kwenye Rweya

Siku nilipompelekea mama simu mpya nilimdanganya mara moja tu, na uongo wenyewe ulikuwa mfupi. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, kijijini Ijumbi, mimi nikimfundisha kupokea simu kwa kutelezesha kidole, yeye akiuliza habari ya kila nilichogusa. Hiki cha nini, na hiki je, na nikikosea itaharibika? Nilipofika kwenye ramani nikawasha sehemu inayoonyesha simu ilipo, nikachagua watu wawili wa kuonyeshwa, yaani mimi na kaka yangu, na penye muda nikachagua iendelee hadi itakapozimwa. Mama akainama kutazama, akauliza na hapo nafanya nini. Nikamjibu kwamba ni mambo ya mtandao tu. Akaridhika, akaenda jikoni kuangalia ndizi motoni.

Tumezaliwa wawili tu, wote wanaume. Baba alifariki miaka mingi iliyopita na kaburi lake lipo nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kaka yangu mkubwa anaishi Mwanza, na kazi yake ni kununua samaki kwa wavuvi wa visiwa vya Muleba na kuwasafirisha. Mimi ni mwalimu wa jiografia, naishi Kahororo, Bukoba mjini. Mama alibaki peke yake kwenye kibanja, shamba letu la migomba na kahawa ambalo nyumba imo ndani yake. Daktari alikuwa amemkataza jembe kwa sababu ya presha na goti, na sisi wanawe tukaongeza uzito wetu juu ya neno la daktari. Tukamtafutia mtu wa kupalilia kibanja, tukamwambia yeye apumzike. Mama alisema amesikia.

Mwaka huo alifanya mambo matatu yaliyotutia wasiwasi. Aliacha sufuria motoni mpaka ikatoboka. Jumamosi moja alivaa nguo zake za kanisani akaenda misa, akakuta mlango umefungwa, akakaa kwenye ngazi mpaka mchana. Halafu kwenye simu alimwita kaka kwa jina la baba mdogo, mara mbili, bila kujisahihisha. Kaka yangu ni mtu wa kuamua haraka, maana samaki hawamsubiri mtu anayefikiria. Akasema mama anapotea, na kwamba ameshamwandalia chumba nyumbani kwake Mwanza. Mama alipokaribishwa huko alishukuru, akasema yeye atatoka kwenye kile kibanja mara moja tu, na hataenda mbali, akaonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba, alipolala baba.

Nikamwomba kaka muda. Tukakubaliana miezi mitatu ya kuangalia kidoti chake kwenye ramani. Mama akionekana anakwenda anakokwenda na kurudi salama, atabaki Ijumbi. Akionekana anatangatanga, kaka atakuja kumchukua, apende asipende. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: simu ile tuliyomwambia ni ya kuonea wajukuu ndiyo ingeamua mama azeekee wapi, na yeye mwenyewe hakujua.

Mimi ni mdadisi tangu utoto. Nilivunja redio ya baba nikitafuta mtu anayesema ndani yake, na kipigo nilichopata hakikunitibu. Kwa hiyo kidoti cha mama kilinikamata. Kilikuwa duara dogo lenye picha yake niliyompiga siku ile ya simu, uso umekunjwa kwa jua. Nilikifungua asubuhi kabla ya chai, nikakifungua kati ya kipindi na kipindi, nikakifungua kwenye vikao vya walimu simu ikiwa chini ya meza. Nikajua wiki ya mama kuliko nilivyoijua nilipokuwa naishi naye. Jumapili kanisani, na baada ya misa saa nzima mahali ambapo nilikisia ni kwa mama mmoja wa jumuiya yake. Siku ya gulio alikwenda mapema na kurudi mapema. Alhamisi alipita njia ndefu kwenda zahanati, na nilisumbuka wiki mbili kujua kwa nini, mpaka nikakumbuka kwamba kwenye njia fupi kuna mbwa mkali.

Nikaanza kujiuliza simu inajuaje. Nilifundisha ramani miaka kumi na kitu bila kulijua hilo vizuri, nikaona haya kidogo. Nikasoma, nikamuuliza fundi mmoja wa simu pale mjini, na mwisho nikafanya jaribio langu. Niliweka simu yangu juu ya meza ya chakula, sikuigusa, nikaiangalia. Ndani ya nusu saa kidoti changu kilitoka nje ya nyumba, kikapanda paa la jirani, kikavuka barabara, kikarudi. Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai. Halafu nikatoka nje, nikazunguka nyumba taratibu huku nikitazama simu, nikasimama chini ya mwembe, nikasimama uwanjani, nikaingia chooni. Mke wangu alinitazama dirishani muda mrefu kisha akauliza kama shuleni hawanipi kazi ya kutosha.

Nilichogundua ni hiki. Simu haijui ilipo, inakisia. Inasikiliza setilaiti zilizo juu na minara iliyo karibu, kisha inachora duara na kusema nipo humu ndani. Chini ya bati na chini ya migomba mizito inakisia vibaya na duara linakuwa pana. Mahali peupe, penye anga wazi, duara linakuwa dogo, na hapo inaaminika. Nilifurahi kwa ugunduzi huo kuliko ilivyostahili. Sikujua bado kwamba ungenikosesha usingizi.

Maana mwezi wa pili kidoti cha mama kilianza kwenda mahali pasipo na kitu. Kilitoka nyumbani asubuhi, kikafuata njia ya kanisani, kikaiacha, kikaendelea mpaka nje ya migomba yote, kikasimama kwenye rweya. Rweya ni nyasi tupu. Huku kwetu vijiji ni visiwa vya migomba, na kati ya kimoja na kingine kuna uwanda wa nyasi usio na nyumba wala kivuli, ambako watu hukata majani na kuchungia ng'ombe. Kwenye picha ya setilaiti palikuwa rangi ya kahawia, bila njia, bila paa. Duara lilikuwa dogo kabisa. Simu haikuwa inakisia: mama alikuwa pale kweli, chini ya jua, saa mbili nzima.

Jioni nikampigia. Nikamuuliza ameshindaje, kama leo alitoka. Akasema atoke aende wapi na goti lile, yupo hapo hapo nyumbani. Alisema kwa sauti nyepesi kabisa, akaniuliza watoto wamekula nini. Iliniuma. Mama yangu hakuwa mtu wa kudanganya, alitupiga sisi kwa uongo wa mhogo mmoja. Lakini ningemwambiaje kwamba najua? Ningelazimika kumwambia nimejuaje. Kwa hiyo tukaendelea kuongea, waongo wawili, kila mmoja akimwuliza mwenzake afya.

Ikawa mara tatu kwa wiki. Kidoti kinafika pale, kisha kinaanza kwenda na kurudi, hatua ishirini huku, hatua ishirini kule, kama mtu aliyepoteza sindano. Nilitafuta maelezo. Nilidhani anakata majani ya kutandaza shambani, lakini majani tulikuwa tukiyalipia. Nilidhani anakwenda kusali peke yake, lakini mtu anayesali hutulia. Siku moja nilidhani mtu ameiba simu yake na anachunga nayo ng'ombe, nikapiga mara hiyo hiyo, akapokea mwenyewe, anahema. Akasema alikuwa anafagia uani.

Bila shaka kaka naye alikuwa anaona. Alinitumia picha ya ramani, amezungushia rangi nyekundu ile mistari ya kwenda na kurudi. Akasema mtu mwenye akili zake hawezi kuzunguka kwenye nyasi saa mbili. Nikamwambia tusubiri. Halafu mvua zilipoanza, kidoti kikahama. Kiliacha mahali pale pa kwanza, kikaanza kwenda upande mwingine wa rweya, karibu na mteremko, na huko nako kikaenda na kurudi. Kwa kaka hilo lilimaliza maneno. Alisema sasa hata kupotea kwenyewe hapotei mahali pamoja. Akaniambia chumba kimeshapakwa rangi, na Jumamosi ya wiki inayofuata anakuja na gari.

Moyoni nilikuwa nimeanza kumwamini, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimwona mama amesimama katikati ya nyasi akijaribu kukumbuka alitoka kutafuta nini, na picha hiyo ilinifuata darasani.

Nikamwonyesha mke wangu ile picha ya ramani. Sikuwa nimemwonyesha kabla, kwa sababu nilijua angesema nini kuhusu kumchungulia mama mkwe. Yeye ni wa Kaagya, amekulia kwenye migomba na kahawa vilevile. Akaitazama simu, akaigeuza, akaitazama tena. Halafu akacheka mpaka akaweka kisu cha kumenyea ndizi chini. Akaniuliza mimi na kaka yangu tumelelewa wapi. Nikamwambia aseme anachojua. Akakataa kabisa.

"Mama yako hajapotea," akasema. "La zaidi ya hapo ni lake, si langu. Nenda kamuulize, lakini kwanza umwambie ulivyojua."

Nikaomba ruhusa shuleni siku ya Jumatano. Nilifika Muleba mapema, nikachukua bodaboda mpaka Ijumbi, na saa tatu nilikuwa mlangoni kwa mama. Nyumba ilikuwa imefungwa, ua umefagiwa, kuku wamepewa maji. Nikafungua simu. Kidoti kilikuwa kwenye rweya, upande wa mteremko.

Nikaenda kwa miguu, simu mkononi. Nilipita migomba ya majirani wanaonijua, na kila aliyenisalimu nilimjibu bila kuinua macho vizuri, nao nadhani waliona mwalimu amekuwa na maringo. Migomba ikaisha ghafla na rweya ikafunguka, upepo ukanipiga kifuani. Nilikuwa nimeiona rweya ile maisha yangu yote, kutoka barabarani. Kuikanyaga ndani namna hiyo, sikumbuki kama niliwahi. Nilicheza mpira pembeni yake nikiwa mtoto, basi. Kidoti changu na kidoti cha mama vikasogeleana kwenye kioo mpaka vikagusana, picha yake ikafunika yangu. Nikainua macho. Hapakuwa na mtu.

Nikaanza kutazama kwenye nyasi, chini, kama mtu anayetafuta aliyeanguka. Ndipo nikasikia kicheko cha wanawake. Kilitoka mbele yangu, chini kidogo, ambako ardhi inakunjika na mtu aliyesimama juu haoni. Nikapiga hatua kumi nikawaona. Walikuwa wanne, wote watu wazima, wamejifunga vitenge viunoni, majembe mikononi. Udongo ulikuwa umelimwa kwa mistari, na kwenye mistari kulikuwa na majani madogo ya kijani yaliyotambaa. Mama alikuwa kwenye mstari wa mwisho, amepiga goti moja, lile zima, anapalilia.

Nitaeleza kitu ambacho mtoto yeyote wa kike wa huku angenieleza mimi. Rweya haina mwenyewe kama kibanja kilivyo na mwenyewe. Mwanamke anayetaka hukata nyasi, anaulima udongo, anapanda njugu mawe, na hapo pakawa msiri wake. Udongo ukichoka anauacha upumzike, anafungua msiri mwingine mbele. Kazi hiyo ni ya wanawake, na wanaobeba vikapu nyuma ya mama zao ni mabinti. Nyumbani kwetu hapakuwa na binti. Mimi na kaka tulikula njugu mawe utoto mzima, zimechemshwa, zimepondwa, zimechanganywa na ndizi, na hakuna siku hata mmoja wetu aliuliza zinatoka udongo gani. Mtu anayetangatanga, ambaye hata kupotea hapotei mahali pamoja, alikuwa mkulima aliyehamisha shamba kwa wakati wake. Nilifundisha somo hilo kidato cha tatu, kwa mifano ya nchi za mbali.

Nilimwamkia mama kwa salamu ya kwetu, "Kasinge waitu, mae," na nikawaamkia wenzake. Waliitikia, kisha wakanyamaza namna ile ya watu waliokuwa wakiongea mambo yao. Mama alijinyoosha polepole, akaegemea jembe. Hakuonekana kushtushwa na jembe kukutwa mkononi mwake. Kilichomshangaza kilikuwa kingine.

"Umejuaje nipo hapa?"

Tunaongea Kihaya mimi na mama, kwa hiyo maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Ningeweza kumwambia jirani kanielekeza. Uongo ule ulikuwa tayari mdomoni, na ungepita. Lakini nilikumbuka sharti la mke wangu, nikamwambia simu yake ndiyo iliyoniambia. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama kwenye nyasi mbele ya wanawake wanne: siku ile sebuleni, kaka, miezi mitatu, chumba cha Mwanza, gari la Jumamosi.

Nilitegemea hasira. Mama akauliza maswali. Aliuliza tangu lini, nikamwambia tangu siku ya kwanza. Aliuliza kama inamwona akiwa ndani, nikamwambia inaiona nyumba, haioni ndani. Kanisani? Inaona. Akiwa anaongea, inasikia? Haisikii. Chooni je? Nikasema choo kiko karibu mno na nyumba, haiwezi kutofautisha, na wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri, na mimi nilijua swali linalokuja kabla hajalisema.

"Kwa hiyo jioni nilipokuambia nipo nyumbani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mae."

"Na ukaendelea kuniuliza."

Nimewahi kukemewa na wakubwa wa shule, na mzazi mmoja aliwahi kunitukana mbele ya darasa zima. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitazama viatu vyangu vya mjini vilivyoingia kwenye udongo wa mtu.

Mama akakaa kwenye nyasi, akanyoosha lile goti bovu, akaniambia nikae. Akaanza kunionyesha. Pale mbele, penye nyasi fupi, ni msiri wake wa mwaka jana, aliomaliza kuuvuna mvua zilipoanza. Kule kwenye jiwe, wa mwaka juzi. Ule ukingo ulikuwa wa bibi yangu mzaa baba, ambaye ndiye aliyemleta hapa akiwa bibi harusi na kumwambia achague. Wanawake wanne wale walijua kila mmoja alipanda wapi na lini, na udongo upi bado haujapona. Kwenye ramani yangu palikuwa rangi moja ya kahawia. Nilisahau aibu kwa muda, nikawa nauliza kama mwanafunzi. Mnajuaje kwamba umepona? Kwa majani yanayoota, akasema, na akanitajia matatu.

Nikamuuliza kwa nini alificha. Akasema tungemwambia aache, na angelazimika ama kututii ama kubishana na watoto wake, na yote mawili hayataki. Akasema kulima kwa nguvu wanalima wenzake, yeye anapanda na kupalilia. Kisha akaniambia jambo ambalo nalifikiria mpaka leo. Kibanja alikikuta ni cha baba, na baba alikikuta ni cha baba yake, na kesho ni chetu. Jikoni kila mtu huingia. Lakini hapa hakupewa na mtu, na siku zote hakuna mwanamume aliyewahi kuja kuuliza amefika wapi. Alisema bila uchungu, kama anayenipa habari.

Katikati ya maneno hayo aliniuliza kama nimekunywa chai, nami nikamjibu. Baada ya kitambo akaniuliza tena. Aliona nilivyomtazama. Akasema ndiyo, vitu vingine vinamtoka siku hizi, anajua, na ndiyo maana haji hapa peke yake. Mwenzake mmoja akasema wao humpitia nyumbani na kumrudisha mpaka mlangoni, na kwamba sufuria motoni sasa anaiangalia huyu anayekaa jirani naye. Nilikuwa nimeangalia kidoti kile miezi miwili na nusu. Hakikuwa kimenionyesha kwamba pembeni yake kulikuwa na watu watatu.

Mama akasema nimpigie kaka. Nikapiga kwa simu yake, nikaweka sauti ya nje. Mtandao pale juu ni mzuri kuliko nyumbani. Kaka akapokea, nyuma yake kelele za mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na watu wakibishana bei. Mama akamsalimia, akamuuliza habari za watoto, akamwambia yupo kwenye msiri wake anapalilia njugu mawe, na kwamba mimi nipo naye na nimeshamweleza kila kitu. Kaka akaanza kujieleza, na mama akamkatiza kwa upole.

"Nimeambiwa wewe unaniona mimi. Na mimi nataka nikuone wewe. Mwalimu anasema inawezekana."

Kaka akacheka. Alipoona mama hacheki, akaanza kueleza kwa nini haifai. Kazi yake haina mahali pamoja. Kisiwa anachonunulia samaki ni siri yake, wenzake wakikijua wataharibu bei. Simu ya mama inashikwa na watu wengi. Tena kuna siku anakwenda mahali ambapo si pabaya, lakini si lazima kila mtu ajue. Aliongea muda mrefu, na kadiri alivyoongea ndivyo sauti yake ilivyopungua, maana kaka yangu si mjinga, na nadhani alijisikia mwenyewe. Mama alimwacha mpaka akamaliza.

"Sasa na mimi ni hivyo hivyo, bojo," akasema, kama anayembembeleza mtoto.

"Mae, mimi naogopa tu. Ndiyo sababu. Naogopa nitapigiwa simu kwamba umeanguka mahali."

"Hata mimi naogopa. Miaka yote umelala visiwani, ziwa likichafuka nakaa kitandani nimefumbua macho. Lakini sikukuwekea kitu mfukoni bila kukuambia."

Mmoja wa wale wanawake aliacha kulima. Kaka alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtoto wa nyumba ile, si ya mfanyabiashara. Alisema basi, mama akae Ijumbi. Gari halitakuja. Aliomba jambo moja, kwamba akipiga jioni apokelewe na aambiwe ukweli. Mama akasema atapokea, na ukweli atamwambia ule unaomhusu. Wakaagana.

Mama akanigeukia, akaniambia nimwonyeshe pa kuzima. Nikanyoosha mkono kuchukua simu. Akaivuta kwake.

"Niambie tu. Nitabonyeza mwenyewe."

Ilichukua muda. Nilimwambia afungue ramani, akafungua kamera, akapiga picha ya vidole vyake vya miguu vyenye udongo. Akarudi. Nikamwambia aguse picha yake pale juu, kisha maneno yale yanayosema nani anaona, na hapo akaona majina yetu mawili yamepangwa, mimi na kaka, na akayatazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Aliuliza kama akitaka siku moja kuonekana anaweza kuwasha, hata kwa saa moja, hata kwa mtu mmoja. Nikamwambia anaweza, na nikamwonyesha pa kuchagua. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Halafu akagusa jina la kaka, akazima, akagusa langu.

Nilikuwa nimeshika simu yangu mwenyewe, ramani imefunguka. Ule uso uliokunjwa kwa jua ukatoweka kwenye rweya, kikabaki kidoti changu peke yake katikati ya rangi ya kahawia. Nikaifungua ramani upya, kwa mazoea. Hatua tatu mbele yangu mama alikuwa amesharudi kwenye mstari wake, amepiga goti, ananipa mgongo, na kwenye simu yangu hakuwepo popote.